Gari Lililokataa Kupata Joto

Juzi asubuhi jirani yangu mjini aliwasha gari lake kuukuu, na harufu ikaingia dirishani bila hodi: petroli ambayo haikuungua ikaisha, mbichi, yenye utamu wa kukwaruza koo, imechanganyika na umande. Nilikuwa nimeshika kijiko cha sukari. Nawaambia, kijiko kile kilibaki hewani mpaka sukari ikazeeka.

Nilikuwa nimerudi darasa la pili, kwetu juu Ikonge, ambako asubuhi ukiita mtu jina huganda njiani na kumfikia saa nne. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vinne na watu wawili. Mama alikuwa muuguzi. Kazi ilimpeleka kaskazini, akageuka mtu wa likizo. Tata, ndivyo sisi Abagusii tunavyomwita baba, alikuwa karani mjini Kisii. Aliondoka kabla ya jua na kurudi nikiwa nimelala. Jioni nilikaa kwa jirani yetu Mama Kerubo, mchuma chai mwenye watoto tele, na mimi wa kuazima juu yao. Usiku nilisikiliza mabati yakisinyaa kwa baridi, nikiyapa majina ya watu.

Lakini asubuhi nilikuwa na gari.

Lilikuwa gari dogo jeupe la Kijapani, la kizazi kile cha kwanza kwanza kupimiwa mafuta na kompyuta badala ya kabureta. Gari la namna hiyo likiwashwa kwenye baridi hunguruma kwa nguvu kidogo, linajipasha, kisha linatulia lenyewe. Letu lilisahau sehemu ya pili. Tata akizungusha ufunguo, lililia kama mashine ya kusaga iliyonyimwa mahindi. Kuku walitaga kabla ya zamu yao. Ng'ombe wa Mama Kerubo alifikia kutoa maziwa yaliyokwisha kuganda, na atakayebisha hakuwepo.

"Baba Nyaboke!" Mama Kerubo alimwita Tata kwa jina langu akipita njiani, kikapu cha chai mgongoni. "Hiyo ndege inapaa lini? Nilete mizigo?"

"Bado inaomba ruhusa," Tata alimjibu.

Tata alikuwa na sheria yake: gari likiwa linalia haliendeshwi. "Injini ni kama mzee," alisema. "Ukimwamsha usimtume dukani hapo hapo." Basi tulingoja ndani, mimi kiti cha mbele, blanketi mabegani, kikombe cha chai mapajani, vioo vimejaa mvuke. Na Tata, ambaye mezani alitoa neno kama mtu anayeng'olewa jino, ndani ya kelele ile alizungumza. Alizungumza kwa kupaza sauti, uso mbele, kana kwamba anausimulia usukani. Alinieleza jinsi Mama alivyoimba kwaya akasahau ubeti mbele ya kanisa zima. Aliniuliza rafiki yangu ni nani siku hizi. Hata kama nilikuwa sina, nilimtaja mmoja. Mwisho alitazama saa, injini ikiwa imetulia au haijatulia, nami nikashuka nikasimama langoni mpaka taa nyekundu zikamezwa na ukungu wa mashamba ya chai.

Mvua za masika zilipoanza, nikaanza kukohoa. Moshi ulitoka nyuma mweusi na kuturudia kupitia mlango usiofunga vizuri. Nilikohoa ndani ya blanketi, taratibu, maana niliogopa kuambiwa nibaki nyumbani. Tata alisikia, akatuma fundi aitwe. Sabato tulikwenda kanisani kama kawaida, siku ambayo kwetu hata spana hupumzika, na Jumapili alfajiri akafika Fundi Ombati kutoka Ogembo, juu ya bodaboda, amevaa sweta mbili.

Aliagiza gari lisiguswe hadi afike. "Ugonjwa wa baridi unapimwa kwa baridi," alitangaza, kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja.

Aliwasha. Alimwaga maji ya sabuni kwenye mipira ya hewa, akisikiliza kama mlio utabadilika, maana mpira uliopasuka huvuta hewa ya wizi. Mlio haukubadilika. Alifungua vali inayoipa injini pumzi gari likiwa limesimama, akaisugua masizi mpaka ikang'aa. Likalia vilevile. Ndipo akatazama mshale wa joto, uliolala chini kama mtoto asiyetaka shule, akaniita.

"Njoo, dada. Shika huu mpira wa rejeta, usiuachilie." Tulingoja dakika kadhaa. "Uko aje?"

"Vuguvugu."

"Tangu sasa hivi?"

"Tangu mwanzo."

"Haifai!" Alifurahi kana kwamba nimemzawadia mbuzi. "Ilifaa iwe baridi kwanza, halafu ikuchome ghafla." Alizima injini, akafungua kijumba kidogo cha chuma mahali mpira unapoingia. Ndani, hamna kitu. "Si unaona, mzee? Nyumba iko, mwenyewe hayuko!"

Aliyekosekana ni thamostati, kilango kinachoyazuia maji ndani ya injini mpaka yapate joto. "Mafundi wa huku huitoa," Ombati alisema. "Wanasema ni kitu ya nchi za theluji. Sasa hii Ikonge ni nini, Mombasa?" Bila kilango, maji yalikimbilia rejeta na kurudi baridi, na kila asubuhi kompyuta ikaambiwa: bado, ongeza mafuta.

Alifunga mpya. Akifuta mikono alimtazama Tata. "Lakini mzee, mbona ulikuwa unangoja? Hii gari ungeondoka nayo tu pole pole, ijipashe kwa njia."

"Najua," Tata akasema, akakunja kitambaa.

Jumatatu injini ilitulia kabla sijapuliza chai. Kimya kikaingia kikaketi katikati yetu.

"Haya," alisema.

"Haya, Tata."

Akaondoka. Nilimchukia Ombati kiasi cha kumwombea sweta zote mbili zifumuke. Kikohozi kilikwisha wiki ileile, na sikukiuliza kimekwenda wapi.

Miaka mingi baadaye, ukubwani, baada ya kumaliza masomo ya jioni, nilikwenda kujifunza udereva. Niliwasha gari nikatulia, mikono mapajani.

"Tunangoja nini?" mwalimu aliuliza.

"Injini, mwalimu."

"Nani alikudanganya?"

Nilitia gia nikaondoka pole pole, njia yote macho yamejaa maji, mwalimu akidhani ni woga. Utoto mzima niliamini kwamba katika nyumba ile mpweke alikuwa mmoja tu.