Mgowe wa Kujaza Upepo

Kabla sijaota hata ndevu, jino liliniuma mpaka shavu likaniziba jicho. Kwetu milimani, juu ya Nyololo, jino lilikuwa na waganga wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Shangazi alisema niweke ugoro. Mjomba akasema ugoro utanichoma ulimi, niweke mkojo wa ndama. Nikaweka vyote viwili, na jino likaendelea na kazi yake. Mwisho mama akanifunga kaniki kichwani, tukateremka barabarani kwa mwenye duka, mtu wa pwani, ambaye watu walisema ana dawa ya kila kitu ila ya ubahili. Akanichungulia mdomoni kama anayetafuta ndoo iliyozama kisimani, akatoa karafuu moja kwenye mkebe, akaniambia niiume na ninyamaze. Nikaiuma, nikapona. Siku hiyo nikaamua kwamba mtu huyu ana akili, na ingawa baadaye niliona mengi ya kunifanya nifikiri upya, uamuzi ule nimekuwa nao miaka mingi.

Ndiyo maana nilipokuwa kijana, shule imeshanishinda darasa la pili, nilikwenda kumtumikia yeye. Nilibeba magunia ya chumvi, nilifagia, nilisikiliza mawaidha. Alikuwa mjane mwenye usafi wa kuchosha. Swala zake zote alisali kwa wakati, na pombe hakutaka hata kuiona. Mlevi akipita mbele ya duka, yeye aligeuza kiti akatazama marobota ya nguo mpaka harufu iondoke.

Sasa mtu huyu akapenda. Huko Iyunga, karibu na Mbeya, palikuwa na mama mmoja aliyefiwa na mume, na kaka zake walikuwa wafanyabiashara wa mpunga wa Chimala, watu wenye maringo. Mchinja nyama mmoja wa Mbeya naye alikuwa amekwisha kuposa. Mwenye duka akaona asishindwe na mtu anayenuka damu. Akawatumia salamu kupitia dereva wa lori: Ijumaa, kabla ya swala, atafika na gari lake mwenyewe, na dada yao ataondoka amekaa kwenye kiti, siyo juu ya magunia kama wake za watu wengine. Jibu likarudi na dereva yuleyule. Gari na lije. Ijumaa ikipita hawajaliona, dada ni wa mchinja nyama.

Gari lilikuwepo kweli. Alilinunua kwa mzungu mmoja wa shamba la pareto aliyekuwa anarudi kwao. Tatizo ni kwamba lilikuwa limelala kwenye zizi tangu mvua zianze, matairi yote chini, unaweza kudhani limepiga magoti kuomba msamaha. Pampu ya mkono ilikuja nalo, ila ngozi ya ndani ilikuwa imekauka, tukailainisha kwa mafuta ya kondoo. Alhamisi asubuhi mwenye duka akakunja kanzu akapampu mwenyewe. Alipampu kidogo, akakaa chini sana.

Akafanya anachofanya mtu yeyote wa kwetu kazi ikimzidi mikono: akaita mgowe. Mgowe ni hivi. Majirani wanakuja kukulimia shamba, wewe unaweka ulanzi, ule utomvu wa mianzi unaochachuka wenyewe. Kazi ikiisha na ulanzi umeisha. Na mwenye kazi hana ruhusa ya kuwaharakisha watu, maana ukiwafokea leo, mwakani utalima na mkeo. Kwa mahindi sheria hii haina kasoro, kwa sababu shamba lililolimwa halirudi kuwa pori mchana huohuo. Upepo hakuna aliyeufikiria.

Walikuja watu wengi kuliko waliokuja kujenga zahanati. Ulanzi ukaletwa na mama jirani, maana mwenye duka asingeugusa. Yeye alikwenda dukani, akageuza kiti, akatazama marobota. Kwa hiyo ulanzi hakuuona. Na matairi nayo, kwa kuwa yalikuwa upande uleule wa ulanzi, hakuyaona.

Palihitajika msimamizi. Akachaguliwa mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa ameacha pombe na anakunywa ulanzi tu. Gari hakuwahi kupanda, ila ng'ombe alikuwa nao, na matairi aliyapima kwa njia hiyo, kwa kuyabonyeza kidole gumba na kuyatega sikio. Vijana wakipampu mpaka jasho linadondoka, yeye anabonyeza, anatikisa kichwa.

"Bado," anasema. "Huyu amekula majani, maji hajanywa."

Tairi la kwanza likajaa mapema mno, watu wakahuzunika waziwazi. Hapo ndipo mzee akakumbuka Chimala, bondeni, ambako barabara ya Mbeya inapita. Alisema huku kwetu upepo ni wa baridi, umejikunja, lakini gari likiteremka Chimala kwenye joto utajinyoosha, na tairi litapasuka, na bwana harusi atafika kwa wakwe akiwa vipande. Lipunguzwe kidogo. Likapunguzwa. Mwingine akasema kidogo hakitoshi, yeye amewahi kulala Chimala na joto lake analijua. Likapunguzwa tena, na aliyekuwa amepampu akalipwa kikombe, na aliyekuwa amepunguza akalipwa kikombe, kwa kuwa nayo ni kazi. Siku hizi nikiona wakubwa wanakutana hotelini kujadili jambo walilolijadili mwaka jana, huwa sishangai. Najua chai inatolewa.

Tulizunguka hivyo, tairi hadi tairi. La nne likijaa, la kwanza limelala. Kila mtu alijua, na kila mtu alimlaumu aliyetengeneza mpira. Mimi nilipelekwa dukani mara kwa mara kutoa habari, nikawa nasema kazi inaendelea, na haukuwa uongo. Mwenye duka aliuliza kama watu wana bidii. Nikamwambia sijawahi kuona bidii kama ile. Akafurahi, akatuma uletwe ulanzi mwingine, macho kwenye nguo.

Alasiri alioga, akavaa koti jeusi juu ya kanzu mpya, akajipaka manukato. Alitaka kuondoka kabla jua halijazama, alale njiani, asubuhi awe Iyunga. Akatoka nje, safari hii bila kugeuza uso.

Gari lilikuwa limepiga magoti kama asubuhi. Vijana walilala majanini kandokando ya pampu. Mzee wa kanisa alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele, ameshika kijiti cha nyasi, anabonyeza vali polepole, amefumba macho, upepo unampuliza usoni.

Mwenye duka akamwinamia kwa nyuma.

"Unafanya nini, mzee wangu?"

Mzee akafumbua jicho moja, akamsalimia kwa kikwetu. "Kamwene, baba. Nalipunguzia. Nakufikiria wewe, kule Chimala."

Nilingoja matusi. Watu wote waliokuwa macho walingoja matusi, maana yangetupa sababu ya kukasirika na kwenda nyumbani tukiwa na haki. Hakutukana. Aliyatazama matairi moja baada ya jingine, kisha akautazama ulanzi, nadhani kwa mara ya kwanza maishani.

"Umebaki?" akauliza.

"Umebaki kidogo," mzee akasema.

"Basi malizeni kazi."

Akaingia dukani, akachukua mwavuli na kifurushi cha posa, akanikabidhi ufunguo. Nikadhani anakwenda kunawa. Alivuka barabara kubwa, akaupandisha upindo wa kanzu isiguse tope, akashika njia ya Mbeya kwa miguu. Mmoja wetu alimwita arudi, akisema tairi moja linakaribia kujaa. Hakugeuka. Akapita kona, na Nyololo hatukumwona tena.