Kipanya Chenye Mapazia

Mwezi uliopita nilinunua godoro la sponji pale Korogwe, nikaliacha ndani ya gari juani wakati nakunywa chai. Niliporudi na kufungua mlango, ile harufu ya sponji mpya iliyopata joto ikanijia usoni, nikasimama pembeni mwa barabara nikicheka peke yangu. Mama mmoja muuza machungwa aliniuliza kama nimeokota kitu. Nikamwambia hapana, nimekumbuka tu. Yeye alikuwa na wateja wake, sikumchosha na habari zangu. Ninyi mnaonekana mna nafasi, basi nitawasimulia.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi, na nyumba yetu pale Mkata ilitazamana na barabara kuu. Mabasi ya Dar es Salaam yalipita mchana kutwa, na vikombe kabatini vikatetemeka kila moja lilipopita. Baba yangu, Mzigua ambaye wazee wake wako Sindeni, alikuwa na kipanya kizee, kibasi kilichowahi kubeba abiria kati ya Mkata na Handeni. Abiria walipohamia kwenye magari mapya na pikipiki, kipanya kilipumzishwa chini ya mkorosho, lakini baba alikataa kukiuza. Alisema gari ni kama ndugu, haliuzwi kwa kuwa limezeeka. Mama alimjibu kwamba ndugu akizeeka angalau hukaa na kuchambua maharage.

Aliyetuharibu ni binamu yetu wa Dar, ambaye alikuja likizo na picha. Katika picha hiyo alikuwa amepanda bembea kubwa ya duara, kubwa kuliko mnara wa msikiti, iliyo katika bustani ya michezo kando ya bahari. Alituambia ukifika juu kabisa watu wa chini unawaona kama vifaranga. Mimi na mdogo wangu Saidi tuliitazama ile picha mpaka ikaota alama za vidole. Tangu siku ile sikutaka kitu kingine duniani. Wenzangu waliomba nguo za sikukuu, mimi niliomba bembea.

Tulimsumbua baba wiki nyingi. Jioni moja, tukiwa tunakula bada, ugali wa muhogo, kwa samaki mkavu, akanawa mkono kabla hajashiba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Desemba tutakwenda. Wote. Na tutalala ndani ya kipanya chetu."

Mama alimtazama kama mtu aliyeambiwa kuku wake kaongea. Baba akaeleza. Ukifikia kwa ndugu mmoja Dar es Salaam, wa pili ananuna. Ukiwazungukia wote, likizo imekwisha na bembea hujaiona. Tena wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na yeye hakuwa tayari kulimishwa mjini wakati shamba analo Mkata. Tutakwenda na nyumba yetu kama konokono.

"Na choo?" mama aliuliza.

Baba akafikiri. "Choo ni jambo la baadaye."

"Choo hakijawahi kuwa jambo la baadaye," mama akasema, lakini kesho yake nilimwona anapima madirisha ya kipanya kwa kamba.

Sijawahi kuwa na miezi mitamu kama ile. Baba aling'oa viti vyote vya nyuma, akavipanga barazani, na wapita njia wakawa wanakuja kukaa pale kama wanasubiri gari liondoke. Fundi seremala akatengeneza kitanda cha kukunjwa. Godoro likaja kutoka Korogwe juu ya basi, likawekwa ndani, na mimi na Saidi tukawa tunajifungia humo mchana kulinusa. Mama alishona mapazia kwa khanga zake kuukuu, akatafuta mahali pa ndoo, pa jiko la mafuta ya taa, pa sufuria la maharage. Kila jioni vitu vilipangwa na kupanguliwa, na kila jioni birika lilikosa mahali. Katika kazi hiyo baba alinipa cheo. Nilikuwa msomaji wake. Nilimsomea maandishi ya kopo la rangi, nilimtungia uzi kwenye sindano ya turubai, na tukikaa nje aliniuliza, "Basi lile linalokuja limeandikwa nini?" Nilijua ananipima masomo, nikawa nasoma kwa sauti ya darasani.

Mkaguzi wa kazi zote alikuwa jirani yetu, Mzee Maganga. Babu zake walitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge mashamba ya Korogwe, na yeye mwenyewe aliendesha malori ya mkonge hadi alipostaafu na kuja kulima Mkata. Alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, mwenye kiko kisichozimika. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za misafara, na huo utani wao haukuwa wa kuchekeana tu. Mtani anaweza kuingia kwako akabeba kuku, na usiseme kitu. Anaweza kulala mlangoni mwako siku ya harusi asitoke mpaka agombolewe. Ukikasirika umeshindwa, na fidia inaongezeka. Hivyo Maganga alikaa kwenye kiti cha kipanya barazani kwetu, akavuta kiko chake, akamwambia baba kwamba Mzigua kulala ndani ya gari ni maendeleo, maana juzi tu alikuwa analala juu ya mti akiogopa simba. Baba alimjibu kwamba simba wenyewe walikuwa wanakimbia harufu ya Wanyamwezi. Sisi watoto tulicheka hadi mbavu zikauma.

Siku mbili tatu kabla ya safari tulikwenda Sindeni kuaga. Kwetu huwezi kwenda mbali bila kuwaambia wazee, na baba alisema tutafanya mambo mawili kwa mwendo mmoja, tuage na tukijaribu kipanya. Maganga akapanda bila kualikwa. Wazee wa Sindeni walikagua kitanda, wakabonyeza godoro, wakatuombea dua na kutupa mikungu ya ndizi tusiyokuwa na pa kuiweka. Maongezi yakawa matamu, tukachelewa kuondoka, na jua lilikuwa limeshazama tulipoanza kurudi Mkata.

Mimi nilikaa mbele katikati ya baba na Maganga. Kwa mbali nilimwona mtu anasukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa, kando ya barabara upande wetu. Nilimwona vizuri, akiinama na kusukuma. Kipanya kikaendelea vilevile, wala baba hakukanyaga breki. Tulipomkaribia kabisa Maganga akasema kwa sauti nzito, "Kulia, kulia, kulia," na baba akakata usukani, sufuria la maharage likaruka nyuma na Saidi akapiga yowe. Yule bwana tulimpita kwa upana wa mkono.

"Huyu naye katokea wapi?" baba akauliza.

Maganga akavuta kiko chake. Saidi, kule nyuma, aliuliza kama maharage yameumia.

Asubuhi ya safari tulioga kabla ya jogoo wa pili, tukavaa, mama akafunga kapu. Baba akaenda kuchukua ufunguo wa kipanya kwenye msumari wake sebuleni, akatoka mikono mitupu. Tukatafuta chini ya mkeka, kwenye mifuko ya makoti, ndani ya birika. Ndipo tukasikia kikohozi kutoka kwenye gari. Mzee Maganga alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa kipanya, amevaa koti lake la kanisani na viatu vya kung'aa, na ufunguo wetu unaning'inia shingoni mwake kwa kamba ya katani.

"Gari hili limetekwa," akasema.

"Mtani, acha mchezo. Watoto wameshaoga."

"Hata kesho maji yatakuwepo." Majirani walikwisha kuanza kusogea, na Maganga akawageukia kama yuko mbele ya baraza. "Babu zangu walipita nchi hii na meno ya ndovu mabegani. Hawa Wazigua waliwauzia maji ya kunywa kama wanauza asali. Je, hilo deni limelipwa?"

"Halijalipwa," wakasema majirani, ambao siku zote walikuwa upande wa mwenye kelele.

"Basi leo nalipwa. Leo Mnyamwezi atakaa mbele na kushika usukani, na Mzigua atabebwa nyuma pamoja na masufuria. Akikubali, twende. Akikataa, mimi nalala hapahapa mpaka sikukuu ipite."

Watu walicheka, wengine wakapiga vigelegele. Mimi sikucheka. Machozi yalinilengalenga, kwa sababu nilimjua baba yangu. Hakuna mtu aliyewahi kuendesha kipanya kile isipokuwa yeye. Hata fundi akikitengeneza, baba ndiye aliyekaa kwenye usukani. Niliiona bembea yangu inazunguka bila mimi, nikamchukia Mzee Maganga kwa moyo wote wa miaka kumi. Nilimtazama mama amwambie kitu, lakini mama alikuwa ameinama anafunga fundo la kapu ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Baba alisimama muda mrefu. Akamtazama mama, akalitazama gari. Halafu akavua viatu, akapanda nyuma, akajinyoosha juu ya godoro jipya na kujifunika khanga ya mama hadi kifuani. "Dereva," akaita, "mzigo umepanda. Nenda polepole, una mayai."

Ile ndiyo safari ninayoipima nayo safari zangu zote, na nyingi zimeshindwa. Baba dereva alikuwa mtu wa kimya, macho mbele, ukimwuliza kitu anakujibu baada ya kona. Baba mzigo alikuwa mtu mwingine. Alitulaza vichwa mapajani mwake, akatusimulia habari za kila kijiji, na kila tulipopita basi lililoharibika alimpigia kelele Maganga kwamba anaendesha kama anapeleka mkonge kwenye mashine. Maganga alimjibu kwamba mizigo aliyozoea ilikuwa haisemi. Suala la choo mama alilimaliza mwenyewe mara tulipofika, alipofanya urafiki na mwanamke muuza chakula aliyeishi jirani na ile bustani. Mkungu mmoja wa ndizi za Sindeni ukawa ndio kodi.

Na bembea niliipanda. Nilikaa na baba, Saidi akakaa na mama, na Maganga akabaki chini akisema yeye amekwisha kuzungushwa vya kutosha na maisha. Tulipofika juu kabisa, baba akaniuliza, "Unaona nini?" Nikamwambia naona bahari. "Eleza vizuri." Nikamweleza bahari, meli iliyosimama, mapaa ya nyumba, watu kama vifaranga, na Mzee Maganga na moshi wake. Alisikiliza amefumba macho, anatabasamu. Nilidhani anaogopa kwenda juu, nikamshika mkono.

Nilikuwa sekondari wakati baba alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, macho yote mawili, moja baada ya lingine. Bandeji ilipotolewa alimtazama mama kwa makini, akamwuliza amezeeka lini. Mama alicheka, kisha akalia, na jioni ile jikoni akaniambia ambayo sikuwa nimeyajua. Baada ya ile jioni ya Sindeni alikwenda kwa Maganga. Alijua baba haoni vizuri, na alijua mke akimwambia mumewe usiendeshe, ni ugomvi. Kaka zake baba wangemwambia, ingekuwa dharau. Mtoto hakuwa na sauti. Alibaki mtani peke yake, mtu anayeweza kukunyang'anya kitu mbele ya kijiji kizima na bado ukabaki mwanamume. Nilifikiri nimeelewa kila kitu. Nilimwonea baba huruma kidogo, kwamba walimzunguka kwa werevu namna ile naye asijue.

Baadaye nilimwambia. Tulikuwa barazani, naye anajisomea majina ya mabasi kwa sauti, kwa fujo tu, kama mtoto mwenye nguo mpya. Nikamwambia najua habari ya ufunguo, kwamba ni mama aliyemtuma Maganga.

"Hilo la mama yako sikulijua," akasema, akafurahi kulijua. Kisha akayaacha mabasi, akanigeukia.

"Asubuhi ile nilikuwa naswali alfajiri pale sebuleni. Nikiwa kwenye sijda nikasikia mlango, nikasikia harufu ya kiko, nikasikia ufunguo unatoka msumarini. Swala ilikuwa imebaki kidogo tu, ningetoa salamu nikamkamata pale pale. Lakini nilirefusha ile sijda, mwanangu. Niliirefusha mpaka nikasikia hatua zake zimefika nje, maana niliogopa nikiinua kichwa atauacha."