Uzito wa Sanduku Tupu

Ninajua kupima. Katika miaka ya hamsini nilikuwa karani wa stoo katika shamba la mzungu mmoja huko Dundori, na kazi yangu ya kila siku ilikuwa kupima viazi na pareto iliyokaushwa. Shule niliiacha darasa la nne. Hesabu nilijifundisha mwenyewe baadaye, kwenye mizani ile ile. Ninasema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba yaliyotupata stesheni ya Nakuru yalitokana na uzembe.

Dada yangu mdogo alikuwa amepata nafasi ya chuo kikuu, Kampala. Barua ilisema kila mwanafunzi aje na mzigo mmoja anaoweza kuubeba mwenyewe. Safari ilikuwa hivi: lori la maziwa hadi mjini, treni daraja la tatu hadi Kampala, kisha kwa miguu kupanda kilima mpaka chuoni. Mimi ningeishia stesheni. Kwa hiyo wiki moja kabla tulipeleka vitu vyake vyote stoo, nikavipima kimoja kimoja.

Sanduku la mbao la marehemu baba, likiwa tupu, lilikuwa ratili ishirini na tatu. Vyote alivyohitaji, yaani blanketi, magauni mawili, sweta, viatu vya Jumapili, Biblia na kamusi, havikufika kumi na tisa. Nilimwonyesha mshale wa mizani. Nilimwambia kwamba kubeba kasha lililo zito kuliko vilivyomo ni kazi ya punda. Alicheka, akakubali. Viazi alivyoletewa na shangazi nilivirudisha, na shangazi akaninunia mwezi mzima.

Nilichukua gunia jipya, nikalifua mara mbili, nikalishonea kitambaa ndani na mikanda miwili ya kuvaa mabegani. Halikufika ratili mbili. Mama alilishika, akaligeuza, akaliweka chini. Nilidhani ameridhika.

Kuna jambo nililolijua vizuri na sikulitia katika hesabu yangu. Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni. Familia za watu wetu zilikuwa zikiondolewa mashambani ya wazungu na kurudishwa rizavu, maeneo tuliyotengewa Waafrika, na nyingi zilikusanywa pale stesheni. Hawakupewa nafasi ya kutafuta masanduku. Walitia walichoweza katika magunia, na mimi niliwaona kila nilipopeleka viazi mjini, sufuria zikichungulia kwenye midomo ya magunia yao. Niliwaona, nikapakua viazi, nikarudi nyumbani kushona.

Siku ya safari tulifika saa tatu asubuhi. Kando ya ua wa stesheni watu kama hao walikuwa wameketishwa chini kwa safu, wakingoja malori. Treni ya Kampala ilitazamiwa saa nne na nusu. Askari aliyekuwa langoni alimtazama dada yangu, macho yakaanzia mabegani na kuishia hapo.

"Wewe wa gunia. Kule."

Dada yangu akamwambia kwamba anakwenda chuo, Kampala. Akatoa barua, pasi ya kusafiri na tiketi. Askari hakunyoosha hata mkono.

"Karatasi kila mtu anazo. Kule."

Alimweleza mara ya pili, kwa sauti ile ile ya upole, kisha mara ya tatu. Nilipoingilia niliulizwa kama nataka kuketi naye. Dada yangu akashikwa bega, akaketishwa mavumbini na gauni lake la kupigwa pasi, karibu na bibi mmoja mzee aliyepakata kuku. Malori yakitangulia treni, angepakiwa. Na chuo hakingemngoja.

Nilikimbia hadi landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya stesheni. Aliishi huko mama mmoja, mke wa fundi wa injini, aliyenunua viazi kwangu kila wiki. Nilimweleza kwa kifupi. Kabla sijamaliza alikuwa ameinama akivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda.

"Msichana wa chuo umemfunga kama viazi?"

Nikaanza kumweleza habari ya ratili.

"Mizani yako iache Dundori, karani." Akapindua sanduku, nguo zote zikamwagika kitandani. "Chukua. Nguo zangu haziendi popote."

Niliporudi malori hayajafika. Dada yangu alilitumbukiza gunia lote sandukuni, na mikanda yake. Yule bibi akamshikia kifuniko. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa katika mali yake. Dada yangu akainuka, akajikung'uta vumbi, akamwendea askari yule yule, na robo saa ilikuwa haijapita tangu aketishwe.

Safari hii askari aliipokea barua. Akaisoma hadi mwisho, akaikunja vizuri.

"Kumbe mwanafunzi? Si ungesema mapema, dada?"

Kisha akamshikia sanduku upande mmoja kumvusha kizingiti, akasema pole, ni zito.

Dada yangu akapita nalo. Mimi nilinyamaza, na kimya hicho sijakisamehe hadi leo. Askari alikuwa ameambiwa mara tatu, kwa Kiswahili ambacho yeye mwenyewe alikizungumza. Alichokisikia ni bati.

Treni ilipofika, dada yangu aliniita dirishani. "Kaka," akasema, "gunia lilikuwa zuri." Sikuweza kumwangalia. Niliangalia ile safu. Yule bibi alikuwa bado pale na kuku wake. Huenda naye alikuwa na karatasi, zimetiwa sahihi na kupigwa mhuri kama inavyotakiwa. Sikumuuliza, na hakuna aliyemkimbilia landhi.

Likizo ya kwanza sanduku lilirudi kwa mwenyewe, nami nikamtengenezesha dada yangu jingine la bati, kwa fundi wa mjini. Kabla hajaondoka nalo nililipeleka stoo na kulitundika kwenye mizani. Ratili kumi na moja, tupu. Alizipandisha kile kilima kila muhula mpaka alipomaliza masomo, na hakuna hata moja iliyokuwa yake.