Viputo Ambavyo Sikuvihesabu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, nikiwa kidato cha tatu katika shule moja ya huku mtaani Gerezani.

Tulikuwa tunapima kasi ya usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyotumia mwanga kujitengenezea chakula. Unatia mmea wa majini kwenye chombo cha kioo chenye maji, unawasha taa karibu yake, kisha unahesabu viputo vya hewa vinavyotoka kwa dakika moja. Unaisogeza taa mbali kidogo, unasubiri mmea uzoee, unahesabu tena. Kazi hiyo inataka subira, na mimi subira yangu ilikuwa ya kungojea chakula tu.

Mwenzangu alikuwa Bharti, binti wa muuza vitambaa wa Kariakoo. Siku hiyo kwao kulikuwa na ibada, akaniomba nimalizie peke yangu.

"Sudi, usihesabu kabla ya dakika tano," akaniambia. "Nakujua, we mtu wa haraka."

Alipotoka tu, umeme ukakatika. Nikangoja, wapi. Basi nikajaza jedwali kwa kichwa changu: arobaini, thelathini, ishirini, kumi. Nikaandika majina yetu mawili, nikaenda zangu Jangwani kucheza mpira.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mlangoni. Kesho yake Mwalimu Mkumba alisimama na karatasi yetu mkononi.

"Jana umeme ulirudi magharibi," akasema taratibu. "Taa yenu mliiwasha kwa mate?"

Darasa likacheka. Kisha akasema sote wawili tunapata sifuri, na mwenye sifuri ya maabara haendi mchepuo wa sayansi. Bharti alikuwa akitaka kuwa mfamasia tangu mdogo. Akanigeukia.

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu."

Akasimama. "Mwalimu, mwenzangu amehesabu. Labda alimaliza kabla umeme haujakatika. Mimi namwamini."

Nimechapwa sana utotoni, mwanangu, lakini hakuna fimbo iliyoniingia kama neno lile. Hata hivyo nilinyamaza, na kimya kile nakijutia kuliko zile namba. Mwalimu alikwishashika kalamu kuziandika zile sifuri ndipo nikainuka.

"Sikuhesabu, Mwalimu. Yeye hakujua."

Akaiweka kalamu mezani. "Ungeandika 'umeme umekatika, sikupima', ningekupa siku nyingine. Jedwali tupu halina aibu, Sudi."

Akatupa nafasi nyingine Jumamosi, yeye mwenyewe akaja kutufungulia maabara. Safari hii viputo vilikuja ovyo: thelathini na moja, kumi na tisa, ishirini, saba. Mkono ukaniwasha kuirekebisha ile ishirini iliyopanda badala ya kushuka. Bharti akanitazama tu, tukaiacha kama ilivyo. Ndiyo karatasi iliyompeleka kwenye sayansi. Mimi msamaha nilimwomba baada ya wiki nzima. Nao, najua, ulichelewa.

Nawashukuru wawili wale kila ninapokumbuka: Bharti aliyeniamini nami sistahili, na Mwalimu aliyenibana kabla sijawa mwongo mzoefu.

Basi, mwanangu, usilolipima sema hukulipima. Ukiweka jina la mwenzako kwenye kazi yako, umeshika heshima yake, usiichezee. Na ukishakosea, usingoje kalamu ishikwe. Mungu akujalie watu wa kukuamini, na moyo wa kuwastahili.