Mwakani Tutakwenda Kisiwani

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikimhudumia mzee mmoja huko Edmonton, kaskazini mwa London, mzaliwa wa kisiwa kimoja cha Estonia, kwenye Bahari ya Baltiki. Nilimwogesha, nikampikia uji wa shayiri, nikamvalisha soksi huku akinigombeza. Wahudumu walionitangulia aliwafukuza wote. Mimi nilimgombeza pia, tukaelewana.

Aliondoka kisiwani akiwa kijana, wakati wa vita, na nchi yake ilipofunguka tena baada ya utawala wa Wasovieti miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu. Alitaka jambo moja tu. Dada yake alikuwa amemwandikia kwamba mashua aliyoiunda baba yao imehifadhiwa kwenye jumba dogo la makumbusho ya mabaharia kijijini kwao. Alitaka kuigusa kabla hajafa.

"Utanipeleka wewe," aliniambia. "Sitaki mtu mwingine anivue nguo."

Mimi nilikuwa mkimbizi kutoka Bukavu, Kongo. Ruhusa ya kufanya kazi nilikuwa nayo, lakini kesi yangu ya ukimbizi ilikuwa bado Home Office, wizara ya mambo ya ndani, na nikitoka Uingereza nisingeruhusiwa kurudi. Jibu lilikuwa hapana, halina mjadala. Lakini kwetu humkatalii mzee usoni. Unamwambia tutaona, Mungu akipenda, naye anaelewa kwamba haiwezekani, na hakuna anayeaibika.

"Tutaona, Mzee," nikasema. "Labda mwakani."

Akachukua kalamu, akafungua ukurasa wa mwisho wa kalenda, akaandika kwamba mwakani, mwezi wa sita, tunakwenda. Kwao neno likisemwa limesemwa.

Mwaka uliofuata nilimkuta amepanga sanduku mwenyewe, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Kazi hiyo ilimchukua siku tatu. Nikatafuta kisingizio, nikasema tena mwakani. Rafiki yangu wa Barking, mama mmoja wa kwetu aliyekuwa akisafisha ofisi, alinijia juu nilipomsimulia.

"Ule muzee unamudanganya," alisema. "Umwambie tu kama hauko na makaratasi. Iko nini ya kuficha?"

Nilikuwa na la kuficha. Kila mahali London nilikuwa faili linalosubiri. Kwa mzee yule tu nilikuwa mtu kamili, mtu wa kutegemewa, na sikutaka kukipoteza cheo hicho. Nakiri leo kwamba kilikuwa kiburi, nikakiita heshima.

Halafu akaja mwanamume mmoja wa kanisa lao, Mestonia mwenye afya, akajitolea kumpeleka kiangazi kile kile. Nilikuwa jikoni nikikoroga chai. Nilimsikia mzee akimjibu, "Ahsante, lakini nina mtu wangu. Ameniahidi." Nilikuwa na nafasi ya kutoka jikoni na kusema ukweli. Nilikoroga chai ile mpaka ikapoa.

Alifariki katika baridi ya mwaka wa tatu, kwa nimonia. Nilimkata kucha siku mbili kabla. Aliniuliza kama nimewahi kupanda meli kubwa, nikasema bado.

Makaratasi yangu yalitoka baadaye, wakati hayakuwa tena na maana niliyoitaka. Nilipoweza kusafiri nilikwenda peke yangu. Sikujua nilitafuta nini, labda nilitaka kuadhibiwa.

Kisiwa kilikuwa kimya kiasi cha kunitia hofu. Vichaka vya mireteni, mawe makubwa ya kijivu ufukweni, mabata bukini kwa mamia wakipumzika majini. Bahari yenyewe ni ya kina kifupi, unatembea mbali na maji hayajafika magotini. Kanisani walikuwa wametundika darini meli ndogo ya mbao, kuwakumbuka mabaharia wao. Nilikaa chini yake nikalia, nikamkasirikia mzee kwa kuniamini.

Dada yake, bibi mwembamba mwenye kitambaa kichwani, alinipeleka makumbusho pamoja na mjukuu wake aliyejua Kiingereza. Mlinzi wa pale alinifungulia kamba ili niikaribie mashua. Nikaiwekea mkono ubavuni. Mbao zilikuwa kavu na za baridi, na alama za randa za baba yao bado zilionekana. Niliutoa mkono haraka. Hiyo haikuwa haki yangu.

Nyumbani bibi alitukatia mkate mweusi na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Kisha akauliza, na mjukuu akanitafsiria: kwa nini kaka yake hakuja? Alikuwa ameandika kila mwaka kwamba anamngoja mtu wake, na kila mwaka yeye bibi alimtandikia kitanda cha chini, karibu na jiko.

Nikasema yote. Makaratasi, yule mtu wa kanisa, chai, kila "tutaona" niliyoitoa. Nilimweleza pia desturi yetu, na nilivyokuwa nikiieleza nilijisikia mpumbavu. Mjukuu alitafsiri polepole, macho yake mezani.

Bibi hakulia wala hakunifokea. Aliyakusanya makombo ya mkate kwa kiganja, akasema sentensi fupi.

"Anasema ungemwambia hapana," alisema mjukuu. "Angekasirika siku mbili, halafu angekuja na mwingine."

Ni kweli. Nilimjua mzee wangu. Hata hizo siku mbili zisingefika.