Kinanda Kizito

Juzi, katika duka moja Korogwe, mama mpiga kinanda wa kanisani, ambaye kiharusi kilimlegeza mkono wa kushoto, alikuwa akichagua kinanda cha umeme cha nyumbani. Binti yake alimvuta kwenye kimoja chenye vitufe vyepesi.

"Mama, hiki ukikigusa tu kinalia."

"Ndiyo maana sikitaki. Kinanionea huruma."

Akaenda kwenye chenye vitufe vizito kama vya piano, akaweka kidole cha mwisho cha mkono ule wa kushoto juu ya kitufe kimoja. Akabonyeza, kitufe hakikushuka. Akarudia, sisi wateja wengine tukimtazama. Mara ya nne ikatoka sauti, ndogo, safi.

"Tufungie hiki, mwanangu," akamwambia muuzaji.

Mimi nilikuwa nimefuata rimoti, nisiwe nainuka kubadilisha chaneli. Nikaondoka bila hata kuiulizia.