Kulwa Katoka, Doto Yuko Chini

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Ilikuwa ofisi moja ya pamba mjini Shinyanga, na chumba cha kompyuta kilikuwa na zulia, kiyoyozi na kufuli mbili, wakati mkurugenzi mwenyewe alikuwa na feni. Mkuu wa Kitengo alinionyesha seva, yaani ile kompyuta inayozihudumia nyingine zote, akasema, "Binti, hii ikizima, ofisi nzima inakwenda nyumbani. Usiiguse." Miezi miwili sikuigusa, nikawa nafuta vumbi tu. Nyinyi vijana leo mnawasha seva kumi mkiwa mmekaa kwenye kibanda cha chipsi, mkiharibu mnafuta na kuanza upya. Sisi yetu tuliifunika kitambaa kila jioni.

Humo ndimo nilimojifunza programu huria, zile ambazo msimbo wake, yaani maagizo yanayoziendesha, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuurudisha. Hakuna aliyenifundisha. Nilichapa kurasa zake, nikazisoma nyumbani huku wali ukiungua, na mume wangu akazoea.

Nikahamia mgodini, upande wa Geita, mgodi wa chini kwa chini. Mkuu wa Usalama alikuwa mzee wa Kisukuma, mrefu, asiyependa maneno mengi. Alinipeleka moja kwa moja kwenye ubao uliokuwa mlangoni pa shimo. Kila mchimbaji alikuwa na kibati chake cha shaba chenye namba. Akishuka anakitundika, akipanda anakitoa.

"Kibati kinachoning'inia ni mtu aliye chini," aliniambia. "Kompyuta zako sizijui, Mama Rehema. Zilete, sikatai. Ila ubao huu hautoki, na kabla ya kulipua uje uuangalie kwa macho yako."

Nikaahidi. Miamba ililipuliwa saa kumi alasiri, watu wa zamu wakiwa wameshapanda. Kwa miaka mingi, ikikaribia saa hiyo, niliacha chochote nilichokuwa nacho, nikavaa kofia ngumu, nikaenda kuhesabu vibati. Hata nilipokuwa mkuu wa kitengo changu nilikwenda. Mvua ikinyesha, nilikwenda na mwavuli.

Kisha likaja wingu. Msidanganyike na jina, wingu ni seva za watu wengine, mbali, unazozitumia kupitia mtandao. Orodha ya walio chini ikahamia huko: mchimbaji anagusisha kadi yake mlangoni, na ofisi nzima inaona idadi. Ikaja na devopsi, ule utaratibu kwamba anayeandika programu ndiye huyohuyo anayeilinda ikishaanza kazi, na kila badiliko linapita kwanza kwenye majaribio yanayojiendesha yenyewe. Niliupenda mno. Nikawa napitisha matoleo mapya mchana kweupe, watu wakiwa kazini, bila seva kuzima hata dakika. Meneja wa Uzalishaji akawaleta wageni kunitazama nikifanya kazi. Nilijiona, sifichi. Wahandisi wangu walicheka tu nikivaa kofia kwenda kwenye ubao. "Mama anakwenda kusalimia vibati," walisema.

Siku moja, saa sita mchana, nilipitisha toleo jipya. Ndani yake kulikuwa na zana huria ya kusafisha orodha. Kazi yake ni kutafuta mtu aliyeandikishwa mara mbili: jina la ukoo moja, kuzaliwa siku moja, kijiji kimoja, kuajiriwa siku moja. Ikimpata, inawafanya wawili kuwa mmoja. Niliiwasha mwenyewe. Idadi ya walio chini ikapungua mtu mmoja, nami nikafurahi kwamba uchafu umeondoka.

Saa kumi kasoro, skrini ilisema sifuri. Nikaenda kwenye ubao. Kibati kimoja kilikuwa kinaning'inia.

Nilikishika kabisa, nikidhani macho yananidanganya. Mlipuaji alikuwa na redio mkononi akisubiri neno la Meneja.

"Simamisha," nikasema.

Meneja akaja haraka. "Mama Rehema, mfumo unasema sifuri. Mtu amesahau kibati, ndiyo kawaida yao."

"Mfumo ni wangu," nikamwambia. "Mimi ndiye nakuambia usiuamini. Simamisha."

Mkuu wa Usalama alikuwa ameshafika mlangoni. Aliichukua redio kutoka kwa mlipuaji, akaitia mfukoni. Wakati huohuo akatokea mchimbaji aliyeitwa Kulwa, ametoka kuoga, taulo shingoni. Akatazama huku na huku. "Doto hajapanda?" aliuliza. "Nimemwacha kwenye pampu."

Kulwa na Doto. Mapacha, kwetu Usukumani ndiyo majina yao. Ukoo mmoja, siku moja, kijiji kimoja huko Chato, waliajiriwa pamoja. Mimi niliyezaliwa Shinyanga, niliyekaa dawati moja na akina Kulwa na Doto tangu darasa la kwanza, nilikuwa nimewasha kitu kinachosema watu wa namna hiyo hawapo. Kulwa alipogusisha kadi kutoka, mfumo ukamtoa na ndugu yake.

Doto alipandishwa akiwa amekasirika, pampu ilikuwa bado haijatengemaa. Nililia mbele ya watu wote. Kisha nikamwambia Mkuu wa Usalama kwamba niliyewasha ni mimi, si kijana yeyote wa ofisini kwangu.

"Nimesikia," akasema. "Na aliyekuja kuangalia ubao ni nani?"

Jumatatu yake niliirekebisha ile zana. Mtu awe namba ya kibati chake, basi. Nikawarudishia wenyewe walioiandika, ng'ambo huko, pamoja na jaribio nililoliita Kulwa na Doto: wawili wanashuka, Kulwa anapanda, mfumo lazima useme mmoja yuko chini. Wakaniuliza hayo ni majina gani. Nikawaeleza, wakapokea. Tangu hapo, yeyote duniani akitaka kubadilisha zana ile, jaribio hilo linaendeshwa kwanza, na likishindwa anakataliwa.

Nimestaafu, nakaa Katoro. Kazi yangu naionea fahari, sitaki unyenyekevu wa bure. Ila nikiulizwa nilifanya nini kikubwa, sitaji wingu. Nasema nilikuwa nakwenda kwenye ubao.

Doto naye amestaafu, analima Chato. Hunipigia simu.

"Shikamoo, Mama Rehema. Kule kwenye mashine bado niko chini?"

"Marahaba, mwanangu. Bado. Nimechungulia lile jaribio asubuhi hii, Kulwa katoka, wewe uko chini."

"Na wamenihesabu?"

"Wamekuhesabu."

"Haya," husema, "ngoja nikapalilie."